Draiva rasmi au iliyorekebishwa? Kasi isimfumbe macho mwenye kompyuta

UAMUZI wa kampuni ya NVIDIA kusitisha draiva mpya za gemu kwa kadi zake za picha za vizazi vya Maxwell na Pascal umewarudisha wamiliki wengi wa kompyuta mpakato kwenye swali la zamani. Je, mtu abaki na draiva rasmi ya kampuni, hata kama haiongezewi chochote kipya, au achukue iliyorekebishwa na wajuzi wasio na uhusiano wowote na kampuni hiyo?

Kwa mujibu wa ratiba iliyotangazwa na kampuni hiyo ya Marekani mwaka 2025, Oktoba ya mwaka huo ndiyo iliyokuwa kikomo cha draiva zinazoziandaa kadi hizo kwa gemu mpya. Kinachofuata ni masahihisho ya usalama peke yake, yatakayotolewa hadi Oktoba 2028. Miongoni mwa kadi zinazoguswa ni GTX 1050, 1060 na 1070, ambazo kuanzia miaka ya 2016 na 2017 ziliwekwa katika kompyuta mpakato nyingi za gemu.

Mshindani wake, AMD, naye aliingia katika mtafaruku wa aina hiyo mwishoni mwa mwaka 2025, baada ya kuzitenga kadi za RX 5000 na RX 6000 katika mkondo wa matunzo. Malalamiko ya wateja yaliilazimu kampuni kufafanua kwamba kadi hizo hazijatelekezwa.

Suala hili si la wachezaji wa Marekani na Ulaya pekee. Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, na katika yale ya katikati ya jiji la Nairobi, huuzwa kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mnunuzi huuliza bei, ukubwa wa kumbukumbu na muda ambao betri hudumu. Ni wachache wanaouliza kadi ya picha iliyomo ndani ni ya mwaka gani na mtengenezaji ataihudumia mpaka lini. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua, mwaka mmoja au miwili baadaye, kama mwenye kompyuta atajikuta akihangaika kutafuta draiva isiyotoka kiwandani.

Mkalimani mwenye funguo zote

Draiva ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi, kama vile Windows, na kifaa kilichomo ndani ya kompyuta. Kazi yake ni ya ukalimani. Gemu hutoa maelezo ya picha inayotakiwa kuonekana, na draiva huyageuza kuwa amri ambazo kichakataji cha picha huzielewa. Mkalimani akiwa hodari, picha hutiririka. Akikosea, kioo huwa cheusi au kompyuta hugoma.

Ili afanye kazi hiyo, mkalimani huyu hupewa ruhusa ambayo programu za kawaida hazina. Sehemu ya draiva huishi katika kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo kosa dogo huweza kuangusha kompyuta nzima. Ulimwengu ulilishuhudia hilo Julai 19, 2024, pale faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike, ambayo programu yake nayo hufanya kazi ndani ya kiini hicho, lilipoangusha kompyuta zinazokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5. Safari za ndege ziliahirishwa na huduma za benki na hospitali zikavurugika katika nchi mbalimbali.

Kwa hiyo anayeweka draiva hakaribishi mgeni sebuleni tu, bali anamkabidhi funguo za nyumba nzima. Hapo ndipo uzito wa uamuzi huu ulipo.

Chimbuko la draiva za kurekebishwa

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Draiva za kurekebishwa hazikuzaliwa na wahalifu. Zilizaliwa na wateja waliotelekezwa.

Katika miaka ya 2000, mwenye kompyuta ya mezani aliweza kuchukua draiva mpya moja kwa moja kutoka kwa NVIDIA au ATI, kampuni iliyonunuliwa na AMD mwaka 2006. Mwenye kompyuta mpakato alielekezwa kwa kampuni iliyomuuzia mashine. Sababu iliyotolewa ilikuwa na mantiki, kwani kila mtengenezaji alikuwa na utaratibu wake wa umeme, upoozaji na kioo. Lakini watengenezaji wengi walitoa draiva mara moja au mbili, kisha wakahamia kwenye bidhaa mpya. Mteja akabaki na mashine yenye nguvu isiyoweza kucheza gemu zilizotoka mwaka uliofuata.

Wajuzi wakagundua kwamba kizuizi hicho, mara nyingi, kilikuwa kwenye maandishi tu. Kila kichakataji cha picha kina namba ya utambulisho, na kila draiva huja na faili la orodha linalotaja namba inazozikubali. Namba za kompyuta mpakato zilikuwa hazimo katika orodha ya draiva za mezani. Ukiiongeza namba, draiva inakubali. Tovuti ya LaptopVideo2Go ilijijengea jina kwa kutoa orodha hizo zilizorekebishwa kwa wenye kadi za NVIDIA, na programu ya Mobility Modder ikafanya kazi kama hiyo kwa wenye kadi za ATI.

Kampuni zilisalimu amri. Mwishoni mwa mwaka 2008 NVIDIA ilianza kutoa yenyewe draiva za kompyuta mpakato, ingawa baadhi ya mashine ziliachwa nje mwanzoni. ATI ilifuata mwaka 2010. Intel ilichelewa zaidi, kwani ni mwaka 2020 ndipo ilipoondoa kizuizi kilichokuwa kikizuia draiva zake za jumla kuwekwa katika kompyuta zenye draiva za mtengenezaji.

Hata hivyo, ubaguzi haukwisha kabisa. Wenye kompyuta mpakato zenye kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler walisitishiwa draiva mpya za gemu Aprili 2019, ilhali wenzao wa kompyuta za mezani, wenye kadi za kizazi kilekile, waliendelea kuhudumiwa hadi mwaka 2021. Ni katika mapengo ya namna hiyo ambamo draiva za kurekebishwa zimeendelea kupata wateja.

Si zote ni za aina moja

Kosa kubwa linalofanywa katika mjadala huu ni kuziweka draiva zote za kurekebishwa katika kapu moja. Kwa hakika zipo za aina tatu, na hatari zake hazilingani.

Aina ya kwanza ni draiva rasmi iliyopunguzwa. Programu kama NVCleanstall humwezesha mtumiaji kuchukua kifurushi cha NVIDIA na kuacha visivyohitajika, zikiwamo programu za nyongeza na zile zinazopeleka taarifa za matumizi kwa kampuni. Draiva yenyewe ikiachwa ilivyo, hatari ni ndogo na faida ni kompyuta isiyoelemewa na mizigo.

Aina ya pili ni ile ya orodha iliyoongezwa namba. Kiini cha draiva hakijaguswa, lakini saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba kifurushi hakijachezewa huvunjika. Windows huikataa mpaka mtumiaji azime ukaguzi wa saini wakati wa kuiweka. Hapa hatari ni ya wastani na inategemea sana aliyeifanyia marekebisho.

Aina ya tatu ni draiva ambayo kiini chake chenyewe kimebadilishwa. Ili ifanye kazi, kwa kawaida kompyuta hulazimika kuendeshwa siku zote ikiwa imeshusha kinga. Huko ni sawa na kuondoa komeo la mlango kwa sababu ufunguo mmoja umepotea.

Wahalifu wanaijua kiu hiyo ya wachezaji. Februari 2022 ilitangazwa programu iliyodai kufungua kizuizi ambacho NVIDIA iliweka katika kadi zake ili zisitumike kuchimba sarafu za kidijitali. Ilipochunguzwa ilibainika kuwa ni programu hasidi. Mwezi huohuo kundi la wadukuzi liitwalo Lapsus$ liliingilia mitambo ya NVIDIA na kuiba, pamoja na mambo mengine, vyeti viwili vya saini za kampuni hiyo. Vilikuwa vimekwisha muda wake, lakini baadaye vilitumika kuzipa programu hasidi sura ya draiva halali. Tukio hilo lilionyesha kwamba hata saini ikiwapo, bado ni muhimu kujua faili limetoka wapi.

Ahadi ya kasi na ukweli wake

Wanaozinadi draiva za kurekebishwa mara nyingi huahidi ongezeko kubwa la kasi. Ahadi hiyo inahitaji kupimwa. Katika kompyuta mpakato, kikomo cha kasi huwekwa kwanza na umeme na joto. Kichakataji cha RTX 4060 cha kompyuta mpakato, kwa mfano, huweza kuwekewa na mtengenezaji kiwango chochote kati ya wati 35 na 115. Mashine mbili zenye jina lilelile la kadi huweza basi kutofautiana sana, na hakuna orodha ya namba itakayoipa mashine nyembamba feni kubwa kuliko iliyonayo.

Pale ambapo draiva mpya huleta tofauti ya kweli ni katika gemu mpya, ambazo draiva ya zamani haizielewi vizuri, au katika kasoro iliyokwisha kusahihishwa. Faida hiyo, kwa mashine ambayo bado inahudumiwa, inapatikana katika draiva rasmi bila kuvunja saini.

Rasmi nazo hukosea

Itakuwa si haki kuziachia draiva rasmi zipite bila lawama. Machi 2010 NVIDIA ililazimika kuondoa draiva yake namba 196.75 baada ya watumiaji kulalamika kwamba feni za kadi zao hazifanyi kazi ipasavyo na kadi zinapata joto kupita kiasi. Mapema mwaka 2015 kampuni hiyohiyo iliwanyima wenye kompyuta mpakato uwezo wa kuongeza kasi ya kichakataji kupita kiwango cha kiwandani, kisha ikaurejesha baada ya kelele za wateja.

Oktoba 2023 ilikuwa zamu ya AMD. Draiva yake rasmi ilikuwa na kipengele cha kupunguza ucheleweshaji ambacho kiliingilia mafaili ya gemu ya Counter-Strike 2, na mitambo ya kunasa walaghai ikawafungia akaunti wachezaji wasio na hatia. AMD ilikiondoa kipengele hicho, na Valve, yenye gemu hiyo, ikaahidi kuwafungulia walioathirika.

Tofauti iliyopo ni moja, nayo ni kubwa. Draiva rasmi ikikosea, yupo anayewajibika kuiondoa na kutoa nyingine, wakati ya kurekebishwa ikikosea mtumiaji hana pa kulalamikia.

Mlango unazidi kufungwa

Mwelekeo wa sasa wa gemu za ushindani unazidi kuwabana wanaotumia njia za pembeni. Valorant, katika Windows 11, hudai kompyuta iwe imewasha kinga inayokagua saini za programu tangu mashine inapowashwa. Battlefield 6, iliyotoka Oktoba 2025, nayo ina sharti la kinga hiyo. Aliyeizima ili draiva yake ya kurekebishwa ikubali huenda akapata draiva na kuikosa gemu yenyewe aliyoihangaikia.

Kutokana na hayo, mpangilio wa hatua si mgumu kuuona. Mwenye mashine mpya, hasa ile yenye vichakataji viwili vya picha vinavyopokezana ili kuokoa betri, huanza na draiva ya mtengenezaji wa mashine. Gemu mpya ikisumbua, hatua inayofuata ni draiva ya NVIDIA, AMD au Intel, ikichukuliwa kwao wenyewe na si katika diski ya fundi au kiungo kilichosambazwa kwa simu. Kwa vile vifurushi hivyo huzidi megabaiti 500, kushawishika kunakili cha jirani ili kuokoa bando ni rahisi, lakini hapo ndipo mnyororo wa uaminifu unapokatika.

Draiva ya orodha iliyorekebishwa ina nafasi katika hali moja, yaani mashine ambayo kampuni zote mbili zimeiacha, ambayo mwenyewe anaitumia kwa gemu tu na ametunza nakala ya mafaili yake. Kompyuta hiyohiyo ikitumika pia kwa akaunti ya benki, mafaili ya ofisi au kazi za wateja, hasara inayoweza kutokea haiwezi kulinganishwa na picha chache zaidi kwa sekunde. Ama draiva iliyobadilishwa kiini, hiyo haina sababu ya kuwekwa katika mashine ambayo mtu anaitegemea.

Linalobaki ni la kampuni zenyewe. Kompyuta mpakato haiwezi kubadilishwa kadi ya picha kirahisi kama ile ya mezani, hivyo draiva zinapositishwa mteja hulazimika kununua mashine nzima. Ikiwa draiva za kurekebishwa zilizaliwa na wateja waliotelekezwa, haitoshi kuwakemea wateja hao. Muda wa huduma ungetajwa bayana siku ya mauzo, kama unavyotajwa muda wa dhamana, wengi wasingefika kwenye njia panda hiyo. Hadi hilo litakapofanyika, mnunuzi atapaswa kuuliza mwenyewe, kabla ya kutoa fedha, kadi iliyomo ndani imebakiwa na miaka mingapi.