Woga wa Mtumba

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya turubai kwenye mahafali ya kidato cha nne, katika shule ya bweni anakosoma mtoto wa dada yangu, nikamsikiliza mgeni rasmi kwa dakika arobaini. Nusu ya dakika hizo alizitumia kulaani kitabu kimoja. Alikiinua kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya aliyekufa, akatuonyesha jalada lake: jitu jekundu, mkono wa jiwe, visiki viwili vya pembe kwenye paji la uso. Kimekutwa chini ya godoro bwenini, akasema. Anayesoma hadithi za mapepo anayafungulia mlango. Haya ni mambo ya Wazungu waliomkana Mungu, wanatuletea ili wayaharibu maadili yetu ya Kiafrika. Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu wa Kiswahili aliyekaa nyuma yangu akaongezea, kwa sauti ya kutaka asikike: "Na wala si kitabu hasa. Kimetokana na katuni."

Kitabu kile nilikinunua mimi. Nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara katikati ya Dar es Salaam. Nikakisoma kwa usiku mbili, nikaona kinamfaa kijana wa miaka 15, nikampa kwa mkono wangu. Aliyeshtakiwa pale mbele ya umma ni mimi, na jibu ninalo.

Nianze na kilichomo, maana aliyekishika juu hakuwa amekifungua. Kinaitwa Hellboy: The Lost Army. Kiliandikwa na Mmarekani Christopher Golden, kikatoka mwaka 1997, na kinatokana na katuni za Mike Mignola, ambaye michoro yake imo humo humo kurasani. Huyo Hellboy ni mtoto aliyeitwa kutoka kuzimu na watu wa Hitler mwezi Desemba 1944, akatokea kwenye magofu ya kanisa huko Uingereza, akachukuliwa na profesa mmoja akalelewa kama mwana wa nyumbani. Damu yake inamwambia kwamba amezaliwa ili dunia iishe kwa mkono wake. Anakataa. Pembe zake anazikata, ndiyo maana vimebaki visiki, na umri wake wote anautumia kupambana na viumbe wa ukoo wake mwenyewe. Sisi ndio tunaosema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimesikia kwa masikio yangu msemo huo ukitumiwa kumnyima mtoto wa mlevi ukiranja. Sasa kinakuja kitabu kinachosema kwa kurasa zaidi ya mia mbili kwamba mtoto wa nyoka anaweza kukataa kuuma, na sisi tunakitia kufuli kabatini.

Kisa chenyewe kinatokea Afrika. Herodotus, yule Mgiriki mwandishi wa historia, alisimulia kwamba mfalme Cambyses wa Uajemi alipoiteka Misri, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, alituma askari 50,000 wavuke jangwa kwenda Siwa. Upepo ukawafunika kwa mchanga wakiwa wanakula, hakuonekana hata mmoja tena. Golden analichukua jeshi hilo lililomezwa na mchanga na kuuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: je, bado wapo chini huko? Hadithi hiyo inatisha kweli, na ilikusudiwa itishe.

Lakini hebu turudi kwenye hayo maadili ya Kiafrika, kwa sababu hapo ndipo nilipotaka kusimama nimkatize mgeni rasmi, dada yangu akanishika mkono.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja baadaye kuwa askofu wa Unguja na kujenga kanisa kuu la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, alichapisha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo yumo Nunda mla watu. Paka wa sultani anaanza na wanyama, kisha anafika kwa watu. Kila akishtakiwa, sultani anasema paka ni wangu na walioliwa ni wangu, mpaka zamu inapowafikia watoto wake mwenyewe. Ndipo anatambua kwamba aliyekuwa akimfuga hakuwa paka. Katika kitabu chote cha Golden sikukuta kitu cheusi kama sultani huyo. Na aliyetuhifadhia kisa hicho kwa wino alikuwa mtu wa kanisa. Alikaa na wasimulizi, akaandika mazimwi na majini neno kwa neno, kisha akaenda kujenga nyumba ya Mungu. Hakuna pepo lililomwingia.

Nilisimuliwa mazimwi na bibi yangu, mzaa mama, taa ya kibatari ikiwa imepunguzwa utambi. Msichana aliyesahau kombe lake pwani akatiwa ndani ya ngoma, zimwi likawa linazunguka naye vijijini, likipiga ngoma yeye anaimba. Nilikuwa na miaka sita. Sikulala usiku ule, na kesho yake nilimwomba bibi aanze upya. Hakuna mgeni rasmi aliyekuja kumkamata bibi.

Lipo kubwa zaidi. Wasena wa kingo za mto Zambezi, huko Msumbiji, wana hadithi ya shujaa Makoma aliyezaliwa akiwa ameshika nyundo ya chuma mkononi. Anarukia kidimbwi cha mamba akiwa bado mtoto. Anapambana na majitu, mmoja anajenga milima, mwingine anakula moto, na kila anayemshinda anamtia ndani ya mkoba wake na kusonga mbele. Andrew Lang wa Uskoti aliichapa hadithi hiyo mwaka 1906 katika kitabu chake cha ngano chenye jalada la rangi ya machungwa. Miaka mia moja kamili baadaye, mwaka 2006, Mike Mignola aliitoa kama katuni kwa jina hilo hilo, Makoma. Na aliyepewa nafasi ya shujaa wetu ni nani? Ni yule yule Hellboy wa jalada lililoinuliwa kwa vidole viwili.

Naomba msomaji asimame hapo nami. Mtu anatuambia jitu lile ni la Wazungu, limekuja kutuharibu. Jitu lile limevaa hadithi yetu ya Zambezi!

Kitu cha Kizungu kwenye mahafali yale kilikuwa hotuba. Mwaka 1948, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, watoto wa shule walikusanywa wakachoma rundo la katuni mbele ya walimu na viongozi wao wa dini. Mwaka 1954 daktari wa akili aitwaye Fredric Wertham alitoa kitabu kudai kwamba katuni zinawafanya watoto wahalifu. Kamati ya Baraza la Seneti ikakaa kusikiliza, na wachapishaji kwa hofu wakajitungia kanuni: marufuku wafu wanaotembea, marufuku mbwamwitu-watu, marufuku ulaji wa watu. Nunda wetu asingepita hata mlangoni. Kanuni hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1971, na leo hakuna anayeifuata. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyepekua majalada ya Wertham, alichapisha kwamba alikuta daktari yule amebadilisha umri wa watoto, ameunganisha maelezo ya mmoja na ya mwingine, na ameacha yale yasiyomfaa. Wamarekani wenyewe waliuvaa woga ule, ukachakaa, wakautupa. Umetufikia sisi kwenye marobota, tumeupiga pasi, tumeuvaa siku ya mahafali na kuuita vazi la mababu.

Nilipomweleza mama mmoja haya tukiwa kwenye foleni ya pilau, alinijibu kwamba kijana wa jirani yake alisoma vitabu vya aina hiyo, matokeo yake akaanza kuchora pembe kwenye daftari. Pembe! Mbuzi wake nyumbani ana pembe. Yule mtoto anajifunza kuchora, na badala ya kumnunulia penseli wamemwitia watu wa maombi.

Mwalimu wa Kiswahili namjibu peke yake, maana yeye ameniuma zaidi. Anasema si kitabu kwa kuwa kimetokana na katuni. Mwalimu, mimi nilijua kusoma kabla ya darasa la pili kwa sababu nilitaka kujua Ndumilakuwili na Lodi Lofa wanasema nini ndani ya gazeti la Sani. Na Golden alikuwa na kazi nzito kuliko unavyodhani. Michoro ya Mignola ni wino mweusi mtupu. Anaacha nusu ya uso gizani, nawe unaogopa ile nusu usiyoiona. Aandikaye riwaya hana wino wa kumwaga. Giza lile inambidi alijenge kwa sentensi. Pale penye mafanikio, na si kila ukurasa umefanikiwa, maana watu wake wanaongea mno wakati wa hatari, msomaji analiona jangwa la usiku bila mchoro wowote. Huko ndiko kusoma, mwalimu. Macho yanapewa herufi, kichwa kinachora.

Nilithibitisha hilo kwa kijana wetu. Kiingereza chake kilikuwa cha kusikitisha, ripoti yake ya muhula wa kwanza nimeiona. Mwezi mmoja baada ya kumpa kitabu kile alikuja likizo na kaunta buku. Ameipiga mistari katikati: upande wa kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili alilolitafuta kwenye kamusi. Kurasa kumi na moja. Aliniuliza, "Mama mdogo, kwa Kiswahili tofauti ya kivuli na giza mtu anaieleza vipi?" Katika miaka yake yote ya shule hakuna mtu aliyewahi kumfanya aulize swali kama hilo. Ninajua wanachomfanya asome: uchambuzi. Vijitabu vyembamba vya kukariri dhamira na wahusika, vinavyouzwa ili mtoto ajibu mtihani wa riwaya ambayo hajaishika mkononi. Hivyo havinyang'anywi na mtu. Walimu wengine ndio wanaoviuza.

Na jioni, hatua mia mbili kutoka geti la shule ile ile, kuna kibanda umiza. Nimepita hapo. Filamu za mapepo na watu wanaokatwa shingo zinapigwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili mpaka saa nne usiku, na wanafunzi wanajipenyeza. Mgeni rasmi hakutamka neno juu ya kibanda. Kibanda kingemtaka atoke chini ya turubai aende akabishane na watu wazima. Kitabu hakina wa kukitetea, na mwenyewe ana miaka 15.

Riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, nayo ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni kwa jina la maadili, kisha baadaye ikawekwa humo humo mashuleni ikafundishwa. Waliokuwa wanafunzi katika miaka ile ya katikati hawakurudishiwa kitu.

Baada ya pilau nilimwendea mwalimu wa nidhamu, nikamwomba kitabu changu. Aliniambia kimehifadhiwa kabatini kama kielelezo, na ufunguo anao makamu mkuu wa shule, ambaye alikuwa ameondoka na mgeni rasmi. Nikaenda kumuaga kijana bwenini. Hakulalamika juu ya hotuba wala adhabu. Aliniambia tu kwamba alikuwa amebakiza kurasa thelathini na nane, akanisihi nisimwambie mwisho wake. Jumatatu nilipiga simu shuleni. Jumatano nikapiga tena. Kesho ninapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi.