Aksida iliyofichwa ni njaa ya kesho

Wafanyakazi wenzetu, kwenye mlango wa kazi kuna ubao unaohesabu siku zilizopita bila aksida. Ubao huo ni mzuri: unatukumbusha kofia, viatu na miwani. Lakini ukiheshimiwa kuliko mtu, unaleta hasara.

Mara nyingine mtu anaumia mgongo, na kapita anamwambia: «Nenda dispansari, pumzika siku mbili, tusiharibu ubao.» Mtu anakubali, maana kapita ni rafiki yake. Sisi tunasema: urafiki wa namna hiyo ni hatari.

Kwa nini? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwenye kazi kumtunza mfanyakazi na jamaa yake wanapougua. Lakini matunzo hayo yanafuata mapatano ya kazi. Siku mgongo utakaposhindwa kabisa, haki yako itatafutwa kwa CNSS, hazina ya taifa ya usalama wa jamii, ile ambayo wazee waliijua kwa jina la INSS. Nayo hailipi kwa maneno matupu. Itauliza: aksida iliandikwa siku gani? Ilitokea kazini ama njiani kwenda kazini? Nani aliona? Mganga aliandika nini?

Tena, malipo hayo si sadaka. Juu ya kila mshahara mwenye kazi analipa CNSS 13 kwa mia: 5 za pansheni, 6.5 za posho ya jamaa, na 1.5 za aksida na magonjwa ya kazi. Mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia, zote za pansheni. Kwa aksida yeye hakatwi kitu. Mzigo wote ni wa mwenye kazi. Na wewe uliyeajiriwa na kampani ndogo inayofanya kazi ndani ya mgodi wa kampani kubwa, haki yako ni ile ile. Bwana wako anapaswa kukuandikisha. Muulize namba yako.

Usisahau vumbi pia. Silikosi inaweza kuonekana miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Karatasi za mganga zisitupwe.

Mama, nawe uwe mlinzi wa nyumba. Weka mahali pamoja namba ya CNSS, karatasi za mshahara, karatasi ya ndoa iliyoandikwa kwa serikali na za kuzaliwa za watoto. Baba akifa kazini, hizo ndizo zitakazosema kwa ajili yako na ya mayatima.

Kapita mwema anaandika kila aksida, hata ndogo, kisha anatafuta sababu yake ili isirudie. Ubao unaweza kuanza tena kwa siku ya kwanza. Mgongo hauwezi.

Umeumia? Sema siku ile ile, na uombe karatasi yako.