Mizani Isiyopima Mizani

Marehemu Haji Gora Haji alizaliwa Tumbatu mwaka 1933 na akafariki dunia mwaka 2021. Skuli yake kubwa ilikuwa chuo cha Kur-ani, na baada ya hapo bahari: alivua, alisafiri na vyombo, akachukua mizigo bandarini. Diwani yake ya *Kimbunga* ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1994, na baadaye ikatiwa katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa kidato cha sita. Huo ni utukufu, na hatuna neno nao. Lakini laiti malenga huyo angaliketi katika chumba cha mtihani mbele ya swali linalohusu tungo zake mwenyewe, akatakiwa atoe hoja tatu juu ya dhamira zake na tatu nyingine juu ya dhamira za malenga mwenzake, sidhani kama angalifaulu. Na pengine katika chumba hicho hicho angalikuwapo kijana wa kupata alama zote, ambaye hajasikia hata siku moja shairi la Haji Gora likighaniwa.

Jambo hili si la kuchekesha. Skuli hufundisha kile kitakachopimwa. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini hana anasa ya kufundisha kitu ambacho mtihani hautakiuliza, na mzee hana anasa ya kumlipia mwanawe tuisheni ya kitu ambacho hakimo katika cheti. Kwa hiyo anayetunga kipimo ndiye anayetunga mtaala, hata kama jalada la muhtasari limepigwa mhuri wa ofisi nyingine. Sisi wa visiwani tunalijua hilo kuliko wengi. Elimu yetu ya msingi na ya sekondari si katika mambo ya Muungano. Tuna wizara yetu na taasisi yetu ya elimu. Lakini Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, limo katika orodha ya mambo ya Muungano, na mtoto wa Micheweni na wa Makunduchi hukalia mtihani ule ule wa kidato cha nne anaoukalia mtoto wa Songea. Tukitaka kujua ushairi unafundishwa vipi Unguja na Pemba, basi tusiangalie maneno mazuri ya dibaji za mitaala. Tuangalie karatasi ya mtihani.

Karatasi hiyo tunaijua. Kwa miaka mingi ilichapisha orodha ya vitabu ambayo kila aliyepita kidato cha nne anaweza kuisoma kwa moyo: katika ushairi, *Wasakatonge* ya Mohammed Seif Khatib, *Malenga Wapya* ya TAKILUKI na *Mashairi ya Chekacheka* ya Theobald Mvungi, katika riwaya, *Takadini*, *Watoto wa Mama N'tilie* na *Joka la Mdimu*, katika tamthiliya, *Orodha*, *Ngoswe* na *Kilio Chetu*. Diwani mbili kati ya hizo tatu zimetoka kwetu, na hapo hatuwezi kulalamika kwamba tumesahauliwa. Malalamiko yetu ni juu ya kinachofanywa na vitabu hivyo baada ya kuorodheshwa. Mtahiniwa huulizwa athibitishe kauli fulani kuhusu jamii, ukombozi, uongozi au mapenzi, kwa hoja tatu kutoka kila diwani. Hoja tatu, na hoja tatu. Shairi limekuwa gunia la dhamira: unatia mkono, unatoa moja, unaiweka mezani, unahesabiwa.

Hata uteuzi wa vitabu wenyewe unanuka dawa. *Kilio Chetu* ni mchezo ulioandikwa na Medical Aid Foundation ili kuwaonya vijana juu ya UKIMWI. *Orodha* nayo ni habari ya msichana aliyekufa kwa maradhi hayo hayo. Sisemi kwamba vijana hawakuhitaji kuonywa. Walihitaji, na kizazi kizima kilizikwa kwa kukosa onyo. Lakini aliyeteua alitazama ujumbe kwanza, na pengine ujumbe peke yake. Kitabu kikiteuliwa kwa sababu ya ujumbe, kitasomwa kwa ajili ya ujumbe, na ujumbe ukishatolewa hakuna haja tena ya kukisoma.

Hilo nililiona nyumbani kwangu. Mjukuu wa dada yangu alinijia siku moja baada ya alasiri, daftari mkononi.

"Shikamoo babu. Nataka unisaidie hoja za *Wasakatonge*."

Nikamwitikia, nikamwambia alete kitabu tusome. Akanitazama kama niliyemwomba alete jahazi. Kitabu hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni notisi, zilizopigwa fotokopi kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa nyuma, naye kazipata kwa mwingine. Ndani yake mlikuwa na dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo, vyote vimepigiwa mstari. Msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi. Nikafungua ukurasa wa diwani ya pili: msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi. Ya tatu nayo, vivyo hivyo. Karatasi zilikuwa zaidi ya ishirini na ndani yake hamkuwa na ubeti hata mmoja mzima. Nikamuuliza, "Mwanangu, mashairi yenyewe yako wapi?" Akanijibu kwa adabu, bila kiburi hata chembe, "Babu, mashairi hayaji kwenye mtihani. Zinakuja hoja."

Mtoto huyu si mvivu. Amesoma mfumo aliowekewa na ameuelewa kuliko waliouweka. Wala simlaumu mwalimu wake, ambaye pengine ana nakala mbili za diwani kwa mikondo minne.

Sasa niwaulize wenzangu wa Baraza swali moja la ufundi. Nimetunga mshororo huu kwa ajili ya makala haya, nao hauna thamani nyingine:

*Upepo hauna mwenye, jahazi lina nahodha.*

Nane kwa nane. Mizani kumi na sita. Sasa nitabadilisha neno moja tu:

*Upepo hauna mwenyewe, jahazi lina nahodha.*

Maana haikuguswa. Dhamira ni ile ile, ujumbe ni ule ule, na msimamo bila shaka ni wa kimapinduzi. Mwenye notisi angetoa hoja zile zile tatu juu ya mshororo wa kwanza na juu ya wa pili, na msahihishaji angempa alama zile zile. Lakini mtu yeyote aliyekulia penye watu wanaoghani atakunja uso akifika kwenye mizani ya tisa, kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Mshororo wa pili umekufa. Kipimo kisichoweza kutofautisha ushairi uliohai na ushairi uliokufa kinapima kitu gani?

Najua nitajibiwa kwamba mtihani huuliza pia vina na mizani, na hutaka mtahiniwa aeleze tofauti ya shairi la kimapokeo na la kisasa. Ni kweli. Lakini kujua kwamba shairi lina mizani kumi na sita ni kama kujua kwamba moyo wa mtu umo kifuani. Marehemu Sheikh Amri Abedi alipotoa *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, jina la kitabu lilitangaza kazi yake: ni sheria za *kutunga*. Aliziandika kwa mtu anayetaka kushika kalamu, na anayezisoma bila kutunga anasoma kanuni za kuogelea juu ya mchanga. Tumezichukua sheria hizo tukazifanya orodha ya kukariri, kisha tukashangaa kwamba vijana wanauona ushairi wa mapokeo kuwa ni minyororo. Mnyororo huuhisi kwa sababu hajapewa nafasi ya kucheza nao.

Jibu la pili la Baraza ni zito zaidi, nami naliheshimu. Watahiniwa ni laki kwa laki na wasahihishaji ni wengi; haki inadai wote wapimwe kwa kigezo kimoja; sikio la mtu halina kigezo, hoja inahesabika. Hapa ndipo ninapoomba nipingane na Baraza kwa ushahidi wa mahali tunapoishi. Kila mwaka, na hasa Ramadhani, visiwa hivi hufanya mashindano ya kuhifadhi na kusoma Kur-ani. Majaji hukaa, kijana husoma, nao husikiliza. Anayekosea hukumu ya kusoma, anayevuta pasipovutwa, anayesimama pasipo kituo, hupunguziwa alama, na majaji waliokaa mbalimbali hawatofautiani sana katika hesabu zao. Hawatofautiani kwa sababu wamefunzwa kusikia. Sifananishi Maneno ya Mwenyezi Mungu na tungo za waja, ninasema tu kwamba sikio lililofunzwa ni mizani kamili, na kwamba jamii yetu imekwisha kulithibitisha hilo kabla ya kuzaliwa kwa Baraza lolote.

Na Baraza lenyewe linalijua. Kemia ina mtihani wa vitendo: mwanafunzi hupewa asidi na besi, akapima kwa mkono wake hadi rangi ibadilike. Hakuna aliyewahi kusema kwamba gharama ya chupa na dawa katika skuli zote za nchi ni kubwa mno, kwa hiyo mwanafunzi aeleze tu umuhimu wa asidi kwa hoja tatu. Fizikia na Baiolojia nazo zina vitendo vyao. Ushairi, ambao hauhitaji maabara wala umeme wala maji ya bomba, ndio uliokosa mtihani wa vitendo!

Wala isisemwe kwamba kubadilisha vigezo ni jambo gumu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa waliangukia daraja sifuri, yaliitikisa nchi. Ikaundwa tume, mwaka 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na mipaka ya gredi ikabadilishwa. Mwaka 2014 ikaja hesabu ya wastani wa pointi, na mwaka 2016 ikaondolewa, tukarudi kwenye madaraja. Basi vigezo huweza kuhama mara tatu katika miaka minne pale tarakimu zinapoaibisha. Katika msukosuko wote huo tulisikia habari za mahali pa kuchora mstari wa kufaulu. Juu ya kilichomo chini ya mstari huo na juu yake, sikumbuki kusikia mjadala wowote wa maana.

Sasa umekuja mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, na humo Fasihi ya Kiswahili imepewa muhtasari wake peke yake katika sekondari, somo mbali na Kiswahili. Wapo wenzetu walioshangilia, na nilikaribia kushangilia pamoja nao. Fasihi imepata nyumba yake hatimaye. Kisha nikasoma kwamba ni somo la kuchagua. Nyumba imejengwa, njia ya kuifikia ni hiari. Skuli yenye walimu wa kutosha mjini italifundisha. Skuli ya kisiwa kidogo yenye mwalimu mmoja wa Kiswahili kwa madarasa yote italiacha, na hakuna atakayeiuliza, kwa kuwa si lazima. Yaani mtoto wa Tumbatu anaweza kumaliza kidato cha nne, akapata cheti safi, bila kulichukua somo ambalo angekutana ndani yake na mtu wa kwao aliyeifanya lugha hii ing'are. Na kwa atakayelichagua, kama mtihani utabaki wa hoja tatu na hoja tatu, tumezidisha karatasi tu.

Tunachokitaka ni kidogo, na tunakitaka katika somo la lazima la Kiswahili, si katika la hiari. Kila anayemaliza kidato cha nne asome shairi moja kwa sauti mbele ya mtahini, asilolijua kabla, na alisome kama shairi. Atunge beti mbili kwa bahari atakayoichagua mwenyewe. Na kama moyo wake uko kwa Kezilahabi zaidi kuliko kwa Muyaka, atunge shairi huru, lakini aeleze kwa nini amevunja mstari pale alipouvunja. Alama hizo ziingie katika upimaji endelevu ambao tayari upo, na wakaguzi wapite kuhakikisha kama wanavyopita katika maabara. Baada ya hapo aulizwe hoja zake, tano akitaka.

Na Baraza likiuliza watahini wa kusikia watapatikana wapi, jibu tunalo. Waje Unguja msimu wowote, wavuke hadi Tumbatu na Pemba. Wapo wazee, na wapo vijana pia, wake kwa waume, wasio na shahada, ambao ukiwasomea mshororo wenye mizani ya tisa watakusimamisha kabla hujafika kituo. Baadhi yao hawajapata kukalia mtihani wa Baraza hata mmoja. Majina tutayatoa tutakapoombwa.