Mahindi ya Julai, bumu la Novemba na usingizi wa mwanafunzi

WAKULIMA wa Nyanda za Juu Kusini huvuna mahindi kati ya Mei na Agosti, wakati ambao gunia huwa bei ya chini kuliko miezi mingine. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Tofauti hiyo ya miezi ni suala la biashara, lakini huishia katika afya ya akili ya vijana wetu.

Tuanze na hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya kujikimu inayotolewa na Bodi ya Mikopo ni Sh10,000 kwa siku, kutoka Sh8,500. Kwa siku 60 ni Sh600,000. Zikichelewa wiki mbili, mwanafunzi anayelipwa kiwango kamili anahitaji Sh140,000 za chakula na pango kutoka kwingine. Asiye na pa kuzitoa hukopa kwa wenzake au hupunguza milo.

Wapo pia wanaopewa mkopo wa asilimia tu, kulingana na tathmini ya uwezo wa familia, na wasiopata kabisa. Hapa wazazi wengi hukosea. Wakisikia mtoto amepata mkopo, hudhani mzigo wote umetuliwa.

Mwaka 2012 nikiwa mwaka wa pili chuoni, bumu lilichelewa. Mwenzangu wa chumba, mtoto wa mkulima wa kahawa, alikula mlo mmoja kwa siku, akawa halali usiku, na mwishowe akaacha kupokea simu za nyumbani. Alihofia kuwa akisema ukweli, baba yake angeuza maksai wa kulimia. Baada ya miezi kadhaa ndipo alipojua kwamba baba naye alikuwa hajalipwa kahawa yake na alikuwa akiona aibu kusema. Wakati huo kijana alishakosa mtihani.

Upungufu wa fedha ulimuumiza, lakini kutojua fedha itafika lini kulimuumiza zaidi. Mkulima analijua hilo: mvua ikichelewa, usingizi hukatika hata kama ghala lina chakula. Hofu ya namna hiyo ikidumu huzaa msongo wa mawazo, na wengine hupata sonona, ambayo ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu wala kurogwa.

Familia ifanye nini? Kwanza, isiuze mazao yote kwa pupa. Tuchukue mfano gunia ni Sh50,000 Julai na Sh80,000 Januari. Ili kupata Sh600,000, Julai utauza magunia 12. Januari manane yanatosha na chenji inabaki. Mlanguzi akikufungia lumbesa Julai, hasara inaongezeka. Uza ya kuanzia muhula, mengine hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyamalize. Palipo na ghala la ushirika linalotoa stakabadhi, utaratibu uliowekewa sheria mwaka 2005, uliza masharti yake. Bei ya Januari haina uhakika, ndiyo maana nasema usiuze yote na usihifadhi yote.

Pili, kabla kijana hajaondoka, kaeni mezani na kalenda. Mwambie ukweli: Novemba tunaweza kiasi hiki, Februari kiasi hiki. Naye akuambie bodi imempa asilimia ngapi. Kiasi kidogo chenye tarehe humtuliza kuliko ahadi kubwa isiyo na siku.

Tatu, mjue dalili. Kijana aliyekuwa akipiga simu akinyamaza, akilalamika halali, akijitenga au akisema maisha hayana maana, usimjibu kwa kumkumbusha gharama ulizoingia. Msikilize, kisha mhimize aende ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni au hospitali. Akizungumzia kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Vyuo na bodi navyo vina wajibu. Fedha ikichelewa, tangazo lenye tarehe ya kweli litolewe mapema. Tangazo halina gharama kubwa, na humwezesha mwanafunzi kupanga na mzazi kuuza kwa mpango badala ya kuuza kwa dharura.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mzazi anayeficha bei mbaya na mtoto anayeficha njaa wote wana nia njema, lakini kila mmoja hubeba peke yake mzigo ambao wangeweza kuupanga pamoja kabla chuo hakijafunguliwa.