AFYA YA NYUMBANI: Maji ya Mboga na Ugonjwa wa Figo

Neno letu la mwezi huu ni la mafundisho, lakini kwanza ni la kuungama.

Mzee mmoja wa ushirika wetu ana ugonjwa wa figo wa siku nyingi. Tulipokwenda kumtazama tulimkumbusha habari za Danieli na wenzake, waliokataa chakula cha mfalme wakala mboga, wakanawiri. Tukamsifia maji ya mboga mbichi. Naye, kwa kuwa alituamini, akawa anakunywa kila asubuhi bilauri kubwa ya mchicha uliosagwa. Hayakupita majuma mawili, miguu ikalegea na moyo ukapiga vibaya. Akapelekwa hospitali, akapona kwa rehema ya Mungu. Lakini mkewe alituuliza, “Mwalimu, mbona hukutuonya?” Tulikosa la kujibu, maana tulifundisha tusilolijua.

Basi tukaenda kwa daktari kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mboga zina chumvi iitwayo potasiamu. Chumvi hii si adui. Moyo hauwezi kupiga pasipo hiyo. Figo zenye afya huitoa iliyozidi kwa mkojo. Zikichoka, hubaki katika damu, na ikizidi sana huweza kuusimamisha moyo ghafula, pengine pasipo dalili ya kutangulia. Gramu 100 za mchicha mbichi zina kama miligramu 600 za potasiamu. Ni nani atafunaye gramu 300 za mchicha mbichi kwa mara moja? Lakini zikisagwa, mtu huzinywa kwa dakika moja. Hapo ndipo penye mtego. Maji ya nyanya na maji ya dafu nayo yana potasiamu nyingi.

Tena mchicha na birimbi zina kitu kiitwacho oksaleti, ambacho huweza kuganda kama chembe za mchanga ndani ya figo. Huko Kerala, nchini India, madaktari wameandika habari za watu walioharibikiwa na figo kwa kunywa maji ya birimbi.

Je, mgonjwa aache mboga? Hasha! Wengi ambao figo zao hazijadhoofika sana hufaidiwa nazo, na si kila mgonjwa azuiliwaye potasiamu. Kipimo cha damu ndicho kiamuacho. Aliyeambiwa apunguze, mboga zake zikatwe vipande vidogo, zichemshwe katika maji mengi, na maji yale yamwagwe, yasinywewe wala kufanywa mchuzi. Kabichi, vitunguu na matango vina potasiamu kidogo kuliko mchicha. Tena aulize juu ya kiasi cha maji ya kunywa kwa siku, na juu ya dawa zake, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu huzidisha potasiamu.

Danieli alikuwa kijana mwenye afya. Mzee wetu alikuwa mgonjwa. Kosa halikuwa katika Maandiko, lilikuwa katika vinywa vyetu. Walimu wenzetu, neno letu huaminiwa nyumbani mwa watu kama neno la baba. Basi tusimwambie mgonjwa “kunywa hiki” kabla ya kumwuliza, “Damu yako ilipimwa lini, na daktari alisemaje?”

Bwana awalinde ninyi na wagonjwa wenu.