Sufuria Moja Baina ya Magharibi na Isha



Miongoni mwa kazi tulizokabidhiwa katika ukatibu wa kamati ya msikiti ni kutunza daftari la mahudhurio ya darsa ya akina mama, ile ianzayo baada ya swala ya Alasiri. Daftari hilo lina jambo ambalo halikuandikwa ndani yake lakini husomeka: wanaofika mwanzoni ni wengi, na wanaobaki hadi Magharibi ni wachache. Tulipouliza sababu, hatukujibiwa kwamba somo ni zito wala kwamba mwalimu anarefusha. Tulijibiwa kwamba jiko halijawashwa. Mama mmoja alitufafanulia kwa hesabu: sufuria ya kumchemshia kuku, karai la kumkaangia, sufuria nyingine ya mchuzi wa nazi, na ya nne ya wali, na jiko la mkaa ni moja. Asipoondoka saa kumi na moja na nusu, watoto watasinzia kabla ya kula.

Kwa hiyo wiki hii tunaandika juu ya mchuzi wa kuku wa sufuria moja, unaoweza kupikwa baada ya Magharibi na ukawa mezani kabla ya Isha. Hapa pwani, baina ya adhana hizo mbili kuna saa moja na dakika chache. Muda huo unatosha, kwa sharti kwamba mpishi ajue ni wapi pa kuharakisha na wapi pasipoharakishwa.

Tunawaandikia pia kina baba na vijana wa kiume, tena wao hasa. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na ulipofika wakati wa swala alitoka kwenda kuswali, habari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari na sote tumeisikia mimbarini. Sisi tuliolala mabwenini chuoni, ambako watu sita walikuwa na sufuria moja na mwiko mmoja, tunajua kwamba mwanamume huweza kukaanga kitunguu bila ya kupungukiwa na kitu. Ajabu ni kwamba wengi wetu tulipooa tuliusahau ujuzi huo siku ile ile ya walima.

Tuanze na kuku mwenyewe. Mapishi haya ni ya kuku wa kisasa, mwenye uzito wa kilo moja na robo hivi, akatwe vipande kumi. Kuku wa kienyeji ana ladha iliyo bora zaidi, hatubishani katika hilo, lakini nyama yake hutaka saa moja na nusu na pengine zaidi. Huyo mwekeeni siku ya mapumziko. Anayemnunua kuku sokoni amwulize mchinjaji, wala asione haya. Suala si kutajwa jina la Allah na kukatwa koo peke yake. Pana wachinjaji ambao kwa pupa ya wateja humtumbukiza kuku katika maji ya moto hali bado anapapatika, ilhali yapasa aachwe mpaka roho itoke na damu ikatike. Ni subira ya dakika chache tu. Mnunuzi anayesimama na kungoja huwafundisha wachinjaji zaidi ya matangazo yetu ya Ijumaa.

Usafi nao una adabu zake. Kuku mbichi hubeba vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo, na maji ya bomba yanayomwangukia kwa kasi huvirusha vijidudu hivyo hadi kwenye vyombo na mboga zilizo jirani. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya hushauri asioshwe kabisa. Tunajua kwamba kuku wa sokoni kwetu hutoka na manyoya na damu, na hakuna mama atakayekubali kumtia sufuriani vile alivyo. Basi aoshwe ndani ya bakuli, taratibu, mbali na vyombo vya kulia. Kisha bakuli, kisu, ubao na mikono vioshwe kwa sabuni. Kachumbari isikatwe juu ya ubao uliokatiwa kuku.

Sasa ile sehemu ya kazi inayofanyika mapema. Kabla ya kwenda darsani, au kabla ya kwenda kuswali Magharibi, vipande vya kuku vipakwe chumvi kijiko kimoja cha chai, kitunguu saumu punje sita na tangawizi kidole kimoja vilivyotwangwa pamoja, na manjano nusu kijiko cha chai. Ndimu isitiwe hapa ikiwa kuku atakaa muda mrefu, kwani ukali wake huigeuza nyama ikawa kama imeiva nje na kuwa kavu ndani. Bakuli lifunikwe na kuwekwa katika jokofu. Asiye na jokofu asimwache kuku mbichi katika joto letu tangu adhuhuri. Na ampake viungo hivyo pale anapowasha jiko, na mchuzi hautaharibika kwa hilo. Wakati huo huo nazi moja ikunwe na kukamuliwa: kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kwa tui zito, kisha vikombe viwili kwa tui jepesi, na viwekwe mbalimbali, navyo vikiwa katika baridi. Tui la pakiti linafaa pia. Nusu yake lizimuliwe kwa maji, ndilo liwe jepesi.

Bibi mmoja wa safu ya mbele, ambaye maneno yake katika darsa huheshimiwa kuliko ya kamati nzima, alitwambia kwamba mchuzi wa haraka haukosi kuwa maji ya manjano. Hakukosea. Mchuzi huwa hivyo kwa sababu moja kubwa, nayo ni kitunguu kilichokimbizwa. Vitunguu maji viwili vikubwa, vilivyokatwa vyembamba, vitiwe katika mafuta vijiko vitatu vya mezani, pamoja na chembe za chumvi ili vitoe maji upesi, na vikaangwe dakika kumi kamili hadi viwe na rangi ya kahawia hafifu. Dakika kumi ni nyingi kwa mtu mwenye njaa. Lakini kitunguu ndicho kinachoupa mchuzi huu uzito, utamu na rangi, kwa kuwa hatukumkaanga kuku peke yake wala hatukutia unga. Anayeondoka jikoni katika dakika hizo kwenda kutazama simu, kitunguu kitamwungulia. Na kitunguu kilichoungua huutia mchuzi uchungu usiotibika kwa nazi wala kwa ndimu. Hapa ndipo subira yote ya mapishi haya ilipo. Kwingine kote sufuria hujifanyia kazi.

Wenye jiko la mkaa wana neema wasiyoijua. Moto wa mkaa huanza kwa ukali kisha hupungua wenyewe, na ndivyo mchuzi huu unavyotaka: moto mkali wa kitunguu, wa kadiri wa nyanya, na wa chini wa kuku. Atakayejaza mkaa kwa mkupuo mmoja na kuanza kukaanga unapowaka vizuri, aghalabu hatahitaji kuongeza tena. Mwenye gesi na akumbuke kuipunguza kwa mkono wake, la sivyo atalipia moto unaokausha tu.

Kitunguu kikishaiva, tia bizari nyembamba nzima kijiko kimoja cha chai na maganda matatu ya hiliki yaliyopasuliwa. Vikinukia tu, tia vijiko viwili vya chai vya bizari ya mchuzi pamoja na maji kijiko kimoja cha mezani, ukakoroge kwa nusu dakika. Maji hayo machache ni kinga, kwa kuwa bizari iliyosagwa huungua upesi mno. Wala isitiwe mwishoni juu ya maji mengi, kama wafanyavyo wengine kwa kunyunyiza wakidhani wanaongeza harufu: sehemu kubwa ya harufu ya viungo hutoka ikikutana na mafuta, na ikikosa mafuta hubaki ladha ya unga mbichi kooni. Ile bizari ya pakiti ni mchanganyiko wa manjano, giligilani, bizari nyembamba, uwatu na vinginevyo. Ikikaa mwaka mzima katika kopo lililo wazi karibu na jiko haitakuwa na kitu ila rangi. Nunueni kidogo kidogo.

Kisha nyanya tatu zilizoiva, zilizoparuzwa, zipikwe mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ni dakika sita au saba. Alama ni mafuta yenyewe, usiitazame saa. Baada ya hapo kuku aingie na viungo vyake vyote, ageuzwe dakika tano hadi weupe utokee pande zote, ndipo viazi mviringo vinne vilivyokatwa nusu na tui jepesi vifuate. Pilipili mbuzi moja ielezwe juu ikiwa nzima, bila ya kupasuliwa, ili watoto nao wale. Funika. Moto wa chini, dakika ishirini na tano.

Viazi ndivyo vinavyoifanya sufuria hii iwe moja kweli, kwani vinashika nafasi ya wali, na wanga wake huufunga mchuzi. Yupo atakayesema kwamba viazi ndani ya mchuzi wa nazi si desturi ya wazee. Tumkumbushe kwa upole kwamba viazi mviringo, nyanya na hata pilipili asili yake ni bara la Amerika, na havikuwamo katika sufuria za pwani hii kabla ya karne ya 16. Wazee wetu walivipokea, wakavipika, wakavifanya vyao. Bizari nayo ilikuja na majahazi. Mchuzi wa pwani haujawahi kuwa na mlango uliofungwa.

Katika dakika hizo ishirini na tano za mfuniko, nyumba hupata wasaa. Hapo ndipo mtoto husikilizwa juzuu yake, vyombo vilivyotumika huoshwa, na tandiko hutandikwa. Tungependa mwenye kufanya hayo asiwe yule yule aliyekaanga kitunguu.

Kuivya kuku si jambo la kukisia. Chukua paja, ambalo ni kipande kinene, ulichome kwa kisu karibu na mfupa: maji yatokayo yawe maangavu, nyama iachane na mfupa, na pasiwe na wekundu. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya nyama. Njaa ya watoto isiwe hoja ya kumpakua kabla ya hapo.

Akishaiva, ondoa mfuniko, mimina tui zito, na ukoroge kwa upawa ukielekea upande mmoja, moto ukiwa mdogo, hadi lichemke kidogo tu. Tui likitokota kwa nguvu hukatika, likaonekana kama maziwa yaliyoganda. Ladha haipotei, lakini sura hupotea. Dakika tatu au nne zatosha. Ipua sufuria, ndipo ukamulie nusu ya ndimu na kunyunyiza majani ya giligilani. Onja chumvi mwisho, kwa kuwa nazi huitafuna.

Kwa hesabu yetu hizo ni dakika hamsini na tano tangu mafuta yalipotiwa sufuriani. Mkate wa boflo, au wa mofa kwa wanaoupata, watosha kando. Adhana ya Isha ikiwakuta chakula kiko mbele yao, wenye njaa na wale. Fiqhi yetu imeliruhusu jambo hilo, kwani moyo unaoswali huku ukiuwaza mchuzi haupati utulivu. Ila isiwe ada ya kila siku, na tunayasema haya tukiwajua watu wetu.

Kilichobaki kisilale nje. Mchuzi wa nazi huchacha upesi kuliko mchuzi mkavu. Usipite saa mbili bila ya kuingia katika jokofu, na kesho yake upashwe moto mara moja tu, hadi uchemke. Asiye na jokofu apike kiasi cha usiku mmoja, au agawe. Katika Sahihi ya Muslim imo habari ya Abu Dharr (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimuusia apikapo mchuzi azidishe maji yake ili awafikie majirani, na mapishi haya yanayapokea maji bila ya kulalamika. Mgeni akibisha hodi kuku akiwa bado chini ya mfuniko, ongeza kikombe kimoja cha maji ya moto na viazi viwili vilivyokatwa vidogo ili viwahi kuiva, kisha vunja kiazi kimoja kilichokwisha kulainika ukikorogee humo humo ili mchuzi usilegee. Tui zito lingoje mpaka viazi vipya viwe laini.