Stendi za Feni za Yide Lu Haziponyi Laptopu

Kwenye kikao chetu cha mwisho ililetwa hoja kwamba chama kitoe pesa za mfuko, zinunuliwe kwa jumla kule Yide Lu zile stendi zenye feni za kuwekea laptopu, kila mwanachama auziwe moja kwa bei ileile ya kununulia, na zitakazobaki zipakiwe kwenye mzigo wa Dar na Nairobi. Hoja ilipigiwa makofi. Mimi naipinga, na nimeomba nafasi kwenye kurasa hizi kwa sababu dakika mbili nilizopewa kikaoni hazikutosha.

Nisieleweke vibaya. Shida yenyewe ipo, tena ni kubwa. Mei na Juni ndio msimu wa kutetea tasnifu hapa China, na ndio msimu ambao Guangzhou inageuka chungu cha mvuke. Nenda maktaba jioni usikilize: laptopu zinanguruma kama mashine za kusaga unga. Mara ya jirani inazimika ghafla, bila kuaga, na kurasa za tasnifu ambazo hazijahifadhiwa zinaondoka nayo. Wenzetu wa uhandisi na takwimu, ambao mahesabu yao yanaendeshwa usiku kucha, wanaamka asubuhi wanakuta kioo cheusi. Sasa mtu katika hali hiyo ukimwambia kuna kitu chenye feni mbili na taa za bluu, bei yake ni kama sahani mbili tatu za wali wa kantini, kwa nini asikimbilie?

Na Yide Lu yenyewe inavutia, sio siri. Wengi wetu tunaosali pale kwenye kanisa la mawe, lile Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lililojengwa kwa matale kati ya 1863 na 1888, tukitoka Misa tunajikuta tumeshaingia sokoni bila kukusudia. Upande mmoja kamba wakavu na samaki wakavu, harufu inakukumbusha kwenu pwani. Upande mwingine midoli, karatasi za zawadi, kalamu, mapambo ya Krismasi hata kama ni Machi. Tangu stesheni ya metro ya Yide Lu, laini ya 6, ifunguliwe mwishoni mwa 2013, hata wa vyuo vya mbali hana kisingizio. Ukinunua moja utatajiwa bei moja, ukinunua katoni unatajiwa nyingine, na hapo ndipo akili ya biashara inapomshika Mwafrika Mashariki. Naelewa. Lakini Yide Lu ni soko la midoli na zawadi, na hizo stendi, kusema kweli, ziko mahali pake.

Hebu tuangalie joto linatokaje ndani ya laptopu. Prosesa inachemka. Juu yake kuna kipande cha shaba, na katikati ya hivyo viwili kuna tabaka jembamba la grisi ya kupitisha joto, ambayo mafundi wengi wanaiita pesti. Shaba inapokea joto, bomba la shaba linalipeleka pembeni hadi kwenye mapezi membamba yaliyobanana kama meno ya kitana, na feni inapuliza hewa kupitia mapezi hayo hadi nje. Ukiwa na prosesa ya Intel, nyingi zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, ndiyo maana mashine inakuwa nzito kabla ya kuzimika. Basi. Hakuna muujiza.

Sasa fikiria vumbi. Watu wanadhani vumbi linakaa kwenye mabawa ya feni. Hapana, pale linakaa kidogo tu. Lingi linajikusanya upande wa ndani wa mapezi, kati ya feni na njia ya kutokea hewa, na linashikana na nywele na nyuzi za blanketi hadi linakuwa kama kipande cha zulia. Guangzhou ina mengi ya kuongezea: unyevunyevu wa Machi, pale kuta za hosteli zinapotoa jasho, halafu sufi. Ule mti wenye maua mekundu ambao ni ua la jiji hili ni ndugu wa msufi wetu wa kujazia mito, na matunda yake yakipasuka, nyuzi zinapepea hadi vyumbani. Zulia likishakamilika, feni inazunguka kwa nguvu zake zote, inapiga kelele, na hewa haipiti.

Stendi ya Yide Lu inafanya nini hapo? Inapuliza sakafu ya mashine kwa nje. Ni sawa na kumpepea mgonjwa wa malaria. Atapata nafuu, atakushukuru, na vijidudu viko palepale. Ila haki itendeke: mashine ikiwa safi, stendi inapunguza nyuzi kadhaa, maana inainua laptopu kutoka mezani na kuipa nafasi ya kuvuta hewa. Lakini kuinua hata kamusi mbili zinatosha, moja kushoto na moja kulia. Ukiacha matundu ya chini wazi umeshapata sehemu kubwa ya faida hiyo bure.

Kabla hujatoa hata yuan moja, fanya jambo ambalo halihitaji fundi. Mashine ikiwa inanguruma, weka kiganja kwenye tundu la kutokea hewa. Ukipata hewa nyingi tena moto, basi mfumo unafanya kazi yake, tatizo ni mzigo. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inakula prosesa. Mara nyingi utakuta kivinjari kilichofunguliwa kurasa arobaini, au programu iliyojiwasha yenyewe bila kuombwa. Ukipata hewa kidogo na feni inalia, ni zulia. Ukipata hewa nyingi lakini ya uvuguvugu tu, huku prosesa inasoma nyuzi tisini na kitu, shuku pesti iliyokauka: joto limekwama juu ya prosesa, halifiki hata kwenye mapezi. Kusoma nyuzi, programu ya bure kama Core Temp au HWMonitor inatosha.

Sikio nalo ni kipimo. Mngurumo laini wa mfululizo ni hewa. Mkwaruzo, au mlio wa kokoto ndani ya kopo, ni feni yenyewe imechoka kwenye mhimili. Hiyo haisafishwi ikapona, inabadilishwa. Tik-tik-tik inaweza kuwa waya unaogusa bawa, lakini kama laptopu yako ni ya zamani yenye diski ya kuzunguka, acha kila kitu unachofanya unakili kazi zako mahali pengine sasa hivi, maana inaweza kuwa diski inaaga dunia. Na mbaya kuliko zote ni ukimya: mashine inaunguza vidole na feni haisikiki kabisa. (Wenye laptopu zisizo na feni, kama MacBook Air za tangu mwishoni mwa 2020, hawamo kwenye hadithi hii. Wao wasubiri ukurasa wa mapishi.)

Hapa nina ugomvi kidogo na Kiswahili chetu. Wataalamu wametupa neno zuri, kompyuta mpakato, yaani ya kupakata kama mtoto. Neno tamu, ushauri mbaya. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini. Ukiipakata, au ukiilaza kwenye blanketi, umeiziba pua. Na wewe hubaki salama: utafiti uliochapishwa 2005 na madaktari wa chuo kikuu cha Stony Brook, New York, uliwapima wanaume 29 waliopakata laptopu kwa saa moja, ukakuta joto la korodani limepanda kwa zaidi ya nyuzi mbili na nusu. Kaka zangu mnaotuma posa nyumbani, mezani jamani.

Turudi kwenye pesa. Kusafisha ndani kunahitaji bisibisi ndogo za aina tatu nne, brashi laini, pampu ya mkono ya kupulizia, bomba la pesti na pombe ya kusafishia, ile kali ya asilimia 99 kuliko ya hospitali ya asilimia 75 ambayo ina maji mengi. Zima mashine, toa chaja, fungua mfuniko, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Ng'oa feni ulikute lile zulia. Linatoka kwa vidole, kipande kizima, na watu hushangaa. Unapopuliza, zuia mabawa kwa kijiti yasizunguke kwa kasi yakaharibu mhimili. Ukiamua kubadilisha pesti, futa ya zamani iishe kabisa, weka mpya kiasi cha punje ndogo ya mbaazi, rudisha shaba ukikaza parafujo kidogokidogo kwa mshazari. Kupulizia kutoka nje bila kufungua, kama wengi wanavyofanya, mara nyingi kunarudisha vumbi ndani tu.

Asiyetaka kufungua mwenyewe, hilo ni sawa pia, ila aingie dukani akijua maneno. Mwambie fundi "qinghui", yaani kuondoa vumbi, na kama pesti imekauka mwambie "huan guizhi", kubadilisha grisi. Feni ni "fengshan". Nasisitiza hili kwa sababu mwenzetu mmoja wa shahada ya uzamili alipeleka mashine yake iliyokuwa ikizimika kwenye duka ambalo silitaji, akashindwa kueleza, akaambiwa bodi kuu imekufa. Akalipa posho ya mwezi. Wiki tatu baadaye mashine ikaanza kuzimika tena. Tulipoifungua hosteli, bodi ilikuwa mpya kweli, na zulia la vumbi lilikuwa palepale, halijaguswa. Feni mpya, ukihitaji, unaitafuta Taobao kwa namba ya modeli iliyoandikwa kwenye feni ya zamani.

Kuna waliosema kikaoni kwamba kufungua mashine kunaua dhamana. Wana hoja. Aliye ndani ya muda wa dhamana aende kituo cha kampuni yake, asiguse parafujo. Lakini nihesabieni, kati yetu ni wangapi wana laptopu za chini ya miaka miwili? Nyingi zimetoka mkononi mwa kaka aliyehitimu. Wengine walisema ni hatari. Hatari ya kweli iko kwenye betri iliyovimba, ambayo utaijua padi ya kugusia ikianza kuinuka au mfuniko kutofunga vizuri. Hiyo usiibonyeze, usiichaji, usijaribu kuitoa mwenyewe. Wakongwe watakumbuka Agosti 2006, Dell ilipoita irudishwe mitungi midogo hiyo ya moto, betri milioni 4.1 zenye seli za Sony. Na joto la kupanda na kushuka kila siku halichoshi betri peke yake: Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikiharibika kwa udhaifu wa malighafi ambao joto liliufichua. Ukiipuuza laptopu moto leo, unalipa kesho.

Linaloniuma zaidi ni ule mpango wa kupeleka nyumbani. Tunahitimu, tunanunua mpya, ya zamani tunamtumia mdogo wetu Morogoro au Kisumu kwa mbwembwe zote, "nimekuletea laptopu kutoka China". Ndani ina zulia la miaka minne ya Guangzhou. Kule inakutana na vumbi jekundu, na baada ya miezi michache mtoto anaipeleka Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta fundi kwa pesa ambazo hana. Halafu sisi tumuuzie na stendi ya kupepea! Hapana. Saa moja na bisibisi kabla ya kufunga begi ni zawadi kuliko laptopu yenyewe.

Kwa hiyo nimeshampa katibu hoja mbadala kwa maandishi. Chama kinunue seti mbili za bisibisi, pampu, brashi, mabomba matano ya pesti na chupa ya pombe. Hesabu yangu inaonyesha kwamba havifiki hata robo ya bei ya katoni za stendi. Vikae ofisini, viazimwe kwa kusaini daftari. Halafu Jumamosi mbili kila mwaka, moja mwanzoni mwa Aprili na nyingine kabla ya likizo ya Januari, tukae pamoja tufungue mashine. Mimi na wenzangu wawili wa umeme tumejitolea kufundisha, dada mmoja wa udaktari kasema atashika tochi na kuhesabu parafujo zisipotee. Kila mtu anakili kazi zake kwanza kabla ya kuja, hilo halina mjadala. Asiye na nakala hafunguliwi mashine.

Kura ni kikao kijacho. Atakayekuja na laptopu inayonguruma aje nayo ikiwa imewaka, tutaanza na kiganja.